Kutoka Mwera Hata Nyumba ya Mungu: Safari ya Kuwatafuta Perege wa Mto Wetu



Mwera ni kijiji cha upande wa kusini wa Mto Pangani, katika Mkoa wa Tanga. Atokaye mjini Pangani huvuka mto mpaka Bweni, kisha hushika njia ipitayo baina ya minazi na mashamba ya mkonge, na baada ya mwendo usiochosha huwa amefika kwetu. Hatuna masoko makubwa wala majumba ya ajabu ya kumvuta mgeni. Lakini tunao mto jirani, na kwa mtu wa pwani mto si jambo dogo, maana humletea maji baridi mpaka mlangoni pa bahari ya chumvi, na pamoja na maji hayo humletea kitoweo.

Safari nitakayowasimulia niliifanya mwaka 2021, kusi likivuma, kutoka Mwera hata bwawa la Nyumba ya Mungu, katika Mkoa wa Kilimanjaro. Sikuiendea matembezi. Niliiendea kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe, na kosa hilo ndilo mlango wa khabari hii.

BWAWA LA CHUO

Nyuma ya chuo chetu pana kibonde chenye udongo wa mfinyanzi ushikao maji. Mwaka 2017 sisi walimu na wazee wa watoto tulishauriana, tukachimba hapo bwawa la samaki, ili watoto wapate kitoweo, na kitakachozidi kiuzwe, zipatikane fedha za juzuu na mikeka. Akaja mchuuzi na vifaranga vya samaki, vimo katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, akasema, "Hawa ni perege." Tukamlipa. Hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza ni perege wa wapi. Kwetu sisi perege alikuwa ni perege, kama chumvi ilivyo chumvi.

Samaki wakakua upesi, tukamshukuru Mwenyezi Mungu. Mwezi wa Ramadhani watoto wakafuturu kwa mchuzi wa samaki wa bwawa lao wenyewe, na shemeji yangu, ambaye ndiye mtunza hazina wa chuo, akaanza kupiga hesabu ya faida. Ikaja vuli ya mwaka 2019, ambayo watu wa Tanga hawaisahau kwa wingi wa mvua. Usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba kingo za bwawa zikavunjika. Asubuhi tulikuta tope tupu na samaki wachache waliokwama majanini. Waliosalia walikuwa wamefuata maji, wakaingia kijitoni, wakaenda zao.

Nilihuzunika. Shemeji akanifariji, akasema, "Maalim, usisikitike. Samaki amekwenda majini, hakwenda porini. Sisi tumekosa, mvuvi atapata." Niliyaona maneno hayo kuwa ni ya hekima, nikalala.

Baada ya mwaka kupita, mwanafunzi wangu mmoja, ambaye babu yake ni mvuvi, alikuja chuoni na samaki wawili aliowavua katika kijito kile kile. Akawalaza juu ya jani la mgomba, akaniambia, "Maalim, huyu ni perege. Na huyu mwingine je? Babu asema zamani hakuwako." Nikatazama. Mmoja alikuwa ni yule niliyemjua tangu utotoni. Wa pili alikuwa mpana kidogo, na mkia wake ulikuwa na mistari myembamba iliyosimama, mmoja nyuma ya mwingine, kama mistari ya daftari iliyogeuzwa wima. Nilimtambua mara moja. Ndiye aliyekuwa bwawani mwetu.

"Huyu ni sato," nilisema, "samaki wa Ziwa Victoria."

"Amefikaje huku, Maalim? Na wale wa kwetu atawafanya nini?"

Swali la kwanza nilikuwa na jibu lake, nikaona haya kulitoa. La pili sikuwa na jibu lake kabisa. Na mwalimu asiyekuwa na jibu hana budi naye kwenda kusoma.

MLANGONI MWA MTO

Basi nilipopata nafasi nilifunga mfuko wangu, nikashika njia ya Bweni. Siku hiyo tulivuka kwa pantoni. Nilimkuta pale mzee mmoja mvuvi akingoja kuvuka na nyavu zake. Nikampa shikamoo, tukazungumza.

Mahali hapo ni pa kutafakari. Maji yaliyoanza safari katika milima ya Kilimanjaro na Meru, yakapita nchi kavu mwendo wa kilometa zipatazo 500, hukutana hapo na Bahari ya Hindi. Yatupasa tukumbuke kwamba Qurani Tukufu, katika Sura Faatir, aya ya 12, imezitaja bahari mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi, na ikatukumbusha kwamba katika zote mbili twapata nyama laini ya kula. Mtu wa Pangani haihitaji tafsiri ndefu ya aya hiyo, maana huiona kwa macho. Kamba huzaliwa baharini, lakini watoto wake hukimbilia mikokoni, penye maji yaliyochanganyika, wakakua humo kabla ya kurudi kilindini. Mkizi naye huingia na kutoka pamoja na maji.

Mzee yule aliniambia, "Maalim, mto ukiwa na nguvu huisukuma bahari. Mto ukidhoofu, bahari hupanda. Siku hizi kiangazi waweza kuonja chumvi mahali ambapo marehemu baba yangu alikuwa akichota maji ya kunywa." Na hayo si maneno yake peke yake. Wachunguzi wa Mto Pangani nao wameandika kwamba maji ya juu yakipungua, maji ya bahari hupenya ndani zaidi ya mto, yakadhuru mashamba ya kandokando na visima.

Nikamwuliza khabari za samaki wasafirio. Akacheka, akasema, "Watafute mkunga wa mto, huyo ndiye msafiri."

Hapa yafaa niwaeleze vijana jambo la ajabu. Katika nchi za baridi kama vile Norway, Uskoti, Kanada na Marekani, yuko samaki aitwaye samoni, ambaye wengi wetu twamjua kwa kopo tu. Huzaliwa mtoni, akashuka baharini, akakua huko, kisha hurudi kuzaa katika mto ule ule alimozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Kwetu samoni hayuko. Jamaa yake wa karibu, trauti, aliletwa na Waingereza katika vijito vya baridi vya milima ya Kenya mwaka 1905. Mkunga wetu wa mto hufanya safari iliyo kinyume cha hiyo. Yeye huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, hufika pwani akiwa mdogo na mwangavu kama kioo, hupanda mto, hukaa miaka mingi katika maji baridi, na akikomaa hushuka kwenda kuzaa kilindini, asirudi tena. Mmoja huenda kuzaa mtoni na mwingine baharini, lakini wote wawili wahitaji kitu kimoja, nacho ni njia iliyo wazi na maji ya kutosha ndani yake.

MKONGE, UMEME NA KUTA ZA MTO

Kutoka Pangani nilipanda basi la Muheza, na kutoka Muheza jingine la Korogwe. Njiani mkonge ni mwingi, na mtu akiutazama hudhani umekuwako tangu kuumbwa kwa nchi. Sivyo. Mkonge ni mgeni. Mnamo mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, si mbali na kwetu Mwera. Kutokana na miche hiyo mashamba ya mkonge yakaenea Tanganyika. Nimeitaja khabari hii makusudi, ili msomaji asidhani kwamba napinga kila kilichotoka ugenini. Mkonge hukaa shambani ulikopandwa, na akitaka mwenye shamba huung'oa. Samaki aliyekwisha kuingia mtoni hang'oleki.

Karibu na Hale mto huteremka kwa kishindo, na hapo ndipo watu walipoitumia nguvu yake kupata umeme. Kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, na kile kipya cha Maporomoko ya Pangani mwaka 1995. Sisemi kwamba kuta hizi zibomolewe, maana taa iniwezeshayo kuandika haya nayo yatokana na mito iliyozuiwa. Lakini yatupasa tujue thamani ya kila kitu tukipatacho. Ukuta humpa mtu taa, na humfungia njia mkunga. Huko Marekani, katika Mto Klamath, walipima faida na hasara, wakaona hasara imezidi, wakayabomoa mabwawa manne. Kazi ilikwisha mwaka 2024, na mwaka ule ule samoni wakaonekana wakipanda hata sehemu za juu ambazo hawakuwa wamezifikia kwa muda wa zaidi ya miaka mia.

Kwetu sisi shida kubwa ni mgawanyo wa maji. Mto huu mmoja hunywesha migomba na kahawa ya mlimani kwa mifereji, humwagilia mpunga na miwa ya tambarare, hutumikia miji, huzungusha mashine za umeme, na yaliyobaki ndiyo hufika pwani. Kwa hiyo Bonde la Pangani lilipewa ofisi yake ya maji mwaka 1991, nayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaweka kwamba pawepo akiba ya maji kwa mahitaji ya lazima ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe. Maana yake ni kwamba samaki naye ana fungu lake katika maji, na mwenye kuyachota yote amekula fungu la mwingine.

KOROGWE, MJI ULIOMPA SAMAKI JINA

Nilishuka Korogwe, nikalala huko. Kwa elimu ya samaki mji huu una heshima yake. Mwaka 1949 majaribio ya mwanzo ya kufuga perege katika mabwawa yalifanywa hapo, na kwa hiyo historia ya ufugaji wa samaki Tanganyika huanzia Korogwe. Mwaka 1955 Bibi Rosemary Lowe, mtaalamu wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa samaki huko Jinja, Uganda, alichapisha maelezo ya perege wa Mto Pangani na Ziwa Jipe, ambao hawakuwa wameandikwa na mtaalamu yeyote kabla yake. Mmoja akampa jina la Korogwe, mmoja la Pangani, na mwingine la Jipe, lile ziwa lililoko mpakani mwa Tanzania na Kenya. Wataalamu wa leo wengine huwahesabu wa Pangani na wa Jipe kuwa ni aina moja, lakini majina yako vitabuni hata sasa.

Nilipoyasoma hayo nilistaajabu. Miaka yote nimewafundisha watoto majina ya miji ya mbali, wala sikujua kwamba samaki wa chunguni mwetu amechukua jina la mji wa mkoa wetu, na kwamba ndugu yake wa Jipe asili yake ni katika maji ya bonde hili tu, wala si mahali pengine popote ulimwenguni.

Na tabia yake ni ya kuzingatiwa na kila mzazi. Dume huchimba shimo la duara katika mchanga, hulisafisha, hulilinda. Jike huja akataga mayai, kisha huyaokota yote kwa mdomo wake, akayatunza humo humo kinywani. Muda huo wote hali chakula kama desturi yake. Watoto wakianguliwa huwatoa nje kidogo wakatembee, na akiona hatari huwafumbulia kinywa wakarudi ndani mbio. Kwa sababu hii perege mmoja aweza kukilea kizazi chake katika mto wenye maadui wengi. Kwa sababu hii pia aina moja ya perege, ikitiwa katika maji mageni, huenea upesi kuliko mtu anavyodhani.

NYUMBA YA MUNGU

Kutoka Korogwe tulifuata barabara kuu, milima ya Usambara kisha ya Upare ikiwa mkono wetu wa kulia, tukapita Same, nikashuka Mwanga, nikapata gari ya kuniteremsha bwawani. Nchi ya huko ni kavu, yenye miiba na vumbi, na ghafula katikati ya ukavu huo macho hupata maji mapana. Asubuhi ya pili, wingu lilipofunguka, niliuona Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini. Nikafahamu kwa macho ninayoyafundisha kwa mdomo, kwamba maji yapitayo Pangani, hatua chache kutoka baharini, hutoka huko.

Bwawa hili ni kazi ya mikono ya watu. Lilijengwa katika miaka ya 1960, mahali Mto Ruvu utokao Ziwa Jipe unapokutana na Mto Kikuletwa, ili kuyahifadhi maji na kuyapeleka kwa kipimo kwenye vituo vya umeme vya chini. Maji yalipojaa, samaki walizidi mno, na wavuvi wakaja kutoka pande nyingi. Kilele cha mavuno kilikuwa mwaka 1970, kisha yakaporomoka, na tangu hapo hayakurudi kuwa kama yalivyokuwa. Nyavu zenye macho madogo ziliwatoa watoto wa samaki kabla hawajazaa, hata Serikali ikawa na wakati wa kulifunga bwawa lisivuliwe, ili samaki wapate kupumzika.

Ufukoni nilionyeshwa mafungu ya samaki na kijana mmoja aliyesomea mambo ya uvuvi. Alikuwa na adabu, akanivumilia maswali yangu yote. Akaniinulia mmoja: "Huyu ni perege wa Jipe, Maalim, mwenyeji." Akainua wa pili: "Huyu ni ngege, asili yake ni Ziwa Victoria." Wa tatu nilimtambua mwenyewe kwa mkia wake: sato.

Kisa cha ngege kilinigusa. Zamani ngege alikuwa ndiye samaki mwenye heshima katika Ziwa Victoria. Watu wakaona apelekwe kwingine, naye akaletwa katika maji ya Pangani, akastawi Nyumba ya Mungu. Lakini katika miaka ya 1950 Ziwa Victoria lenyewe lilitiwa samaki wageni, akiwamo sato na sangara, na baada ya muda ngege akawa nadra sana katika ziwa la asili yake. Basi samaki yule yule amekuwa mgeni wa kumbana mwenyeji huku, na mwenyeji aliyebanwa na wageni kule. Na katika yote mawili si yeye aliyejipeleka. Waliombeba katika madebe ni watu, na nia zao zilikuwa njema kama ilivyokuwa nia yangu.

WALIYOYAONA WATAALAMU

Sasa nalirudia swali la mwanafunzi wangu: sato atawafanya nini wale wa kwetu?

Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yaani TAFIRI, pamoja na wataalamu wa vyuo vikuu vya Bristol na Bangor vya Uingereza, wamezunguka mito na maziwa ya Tanzania wakiwachunguza perege. Khabari zao zilichapishwa katika miaka ya 2018 na 2019. Hukata kipande kidogo cha pezi, wakakichunguza vinasaba, ambavyo ndani yake nasaba ya kila kiumbe imeandikwa. Waliona kwamba sato, na mgeni mwingine mwenye madoa meupe mwilini, wamekwisha kuenea katika maji mengi ya nchi, na kwamba kuenea huko kumetokana na miaka mingi ya kupandikizwa na watu.

Katika bonde la Pangani waliona jambo zito zaidi. Wageni hawa wamezaana na wenyeji. Walipatikana machotara wa sato na perege wa Jipe, wa sato na perege wa Korogwe, na wa yule mwenye madoa na perege wa Jipe. Machotara hao hawakuwa wengi wakilinganishwa na walio safi, na hilo ni tumaini. Lakini perege wa Jipe amekwisha kuandikwa katika orodha ya ulimwengu ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tena machotara hawakuweza kutambulikana vema kwa umbo la mwili na kichwa peke yake. Mvuvi aweza kuwa naye mkononi asijue.

Huenda mtu akasema, "Kuna ubaya gani? Samaki ni samaki." Shemeji yangu asema hivyo mpaka leo. Jawabu ni hili. Mwenyeji amekaa katika maji haya karne zisizohesabika; amezoea joto lake, ukame wake na maradhi yake. Akipotea, yale aliyoyabeba katika nasaba yake hayapatikani tena kwa fedha yoyote, hata kwa wafugaji watakaoyahitaji kesho ili kupata samaki mstahimilivu. Wataalamu hao hao wameandika kwamba hata hiyo faida ya mgeni kumshinda mwenyeji mwenye mwili mkubwa, bwawani au mtoni, bado haina hakika, na kwa hiyo yafaa watu wafikiri sana kabla ya kupandikiza.

Liko na jambo la afya. Mwaka 2014 kulitangazwa kirusi kinachoua perege, kilichogunduliwa katika samaki wa Israel. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa tahadhari kwa nchi zote, na mwaka 2018 wachunguzi wakaandika kwamba dalili zake zimeonekana katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Kirusi hicho hakikutajwa kumdhuru mtu, lakini mwenye kubeba vifaranga kutoka maji haya hata maji yale aweza kubeba na maradhi asiyoyaona. Kadhalika huko Norway, samoni wa kufugwa hutoroka katika vizimba vya baharini, wakapanda mitoni, wakachanganyika na samoni wa mwitu. Na wataalamu wao leo hupima nasaba katika mito mingi kujua kiasi gani kimeharibika. Taifa lenye mali na elimu yote hiyo lingali likihangaika na vizimba vilivyopasuka. Basi nikalifikiria bwawa letu la Mwera.

KURUDI NYUMBANI

Nilirudi kwa njia ile ile niliyokwendea. Nilipofika niliwakusanya watoto, nikamjibu yule mwanafunzi mbele ya wenziwe. Nilisema, "Umeniuliza samaki huyu amefikaje huku. Huenda alitoka katika bwawa letu, huenda alitoka katika bwawa la mwingine. Lakini letu lilivunjika, na samaki wake ni hawa. Mimi ndiye niliyepokea mifuko ile, wala sikuuliza." Watoto walinyamaza. Kisha mmoja mdogo akauliza kama tutaweza kuwavua wote tuwarudishe. Nikamwambia hapana, haiwezekani.

Shemeji hakuridhika. Aliniambia faraghani, "Maalim, wewe wawaonea huruma samaki. Mtoto ana njaa leo, na sato hukua upesi." Maneno yake si ya kupuuzwa. Serikali yenyewe yahimiza watu wafuge samaki, na nyumba nyingi zapata riziki halali kwa njia hiyo. Wala mimi sikusema tusifuge. Tulibishana, tukapatana hivi: bwawa la kibondeni lisijazwe tena samaki, bali lipandwe mboga, na tukijaliwa, tuchimbe jingine mahali palipoinuka, pasipofikiwa na mafuriko, lenye kingo imara na wavu wa matundu madogo penye kila njia ya kutokea maji, na kabla ya kununua kifaranga hata kimoja, tumwone bwana samaki wa wilaya atuambie ni wa aina gani na katoka wapi. Bwawa hilo bado hatujalichimba. Fedha hazijatosha.

Watoto nao wamejiwekea daftari. Kila mmoja aendaye kuvua, au ambaye jamaa yake amevua, huandika tarehe, mahali, na kama mkia ulikuwa na mistari au la. Najua daftari hilo si elimu ya wataalamu, maana nimekwisha kueleza kwamba chotara hatambulikani kwa macho. Lakini mtoto azoeaye kumtazama samaki kabla ya kumtia chunguni hatasema tena, kama nilivyosema mimi, kwamba perege ni perege.

Ndugu wasomaji, imepokewa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alimkataza Sahaba wake kuyafuja maji ya udhu, hata awapo kando ya mto upitao. Zamani nikiifundisha khabari hii, nilikuwa nikidhani ni adabu ya birika na kata. Sasa naona pia kwamba mto, hata uwe mkubwa namna gani, una hesabu yake, na mwenye kuutumia ataulizwa.

Kwa hiyo nawausieni mambo machache. Mwenye bwawa aulize asili ya vifaranga vyake. Mwenye samaki asiowataka asiwamwage mtoni wala kijitoni. Mvuvi awaache wadogo wakue, na amwache jike aliyebeba watoto kinywani. Mwenye shamba la kumwagilia afunge mfereji wake akimaliza, maana maji yapoteayo bure kule mlimani ndiyo yanayotakiwa huku kuizuia bahari.

Daftari la watoto linakaa katika dirisha la chuo, karibu na juzuu. Jana alasiri lilikuja na ukurasa mpya. Samaki watatu, wawili bila mistari, mmoja mwenye mistari. Chini yake mwandishi wake, ambaye hajatimiza miaka kumi, ameandika kwa mwandiko wake wa kupinda: "Wa kwetu wangaliko."

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Wabillahi tawfiq.